Kemo imeisha, mionzi bado: mwongozo wa kusubiri kwa mgonjwa wa limfoma na anayemuuguza

Siku mdogo wangu alipotolewa kanula ya mwisho, uvimbe wa shingoni wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, uliokuwa na ukubwa wa embe ulikuwa hauonekani tena. Alijipapasa, akapapasa tena, akanigeukia. "Dada, umeisha huu. Nauli ya kurudi Dar ni ya nini tena?"

Kwenye kadi yake nesi alikuwa ameandika mstari mmoja: arudi baada ya wiki 3 kwa ajili ya mionzi. Tulivyotoka pale hatukujua wiki hizo tatu ni za kufanya nini, tubebe nini tukirudi, wala tumpigie nani jambo likiharibika. Wiki tatu zikawa saba. Mengine tuliyafanya sawa kwa bahati, mengine tuliyakosea, na moja lilitugharimu safari nzima ya basi kwenda na kurudi. Mimi si daktari. Ni dada niliyeuguza, niliyeuliza maswali mpaka wakanizoea, na ninaandika kwa ajili ya yeyote aliyeshika kadi yenye mstari kama ule. Daktari wako akisema tofauti na nilivyoandika hapa, mfuate yeye, kwa sababu yeye anakujua mwili wako.

Kwanza: elewa kwa nini unaitiwa mionzi wakati uvimbe umekwisha

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Mtu anaona shingo imenyooka, jasho la usiku limekata, hamu ya kula imerudi, anahesabu amepona na anarudi shambani. Lakini kemo huweza kuacha chembe chache hai za saratani mahali pale pale uvimbe ulipokuwa, chembe zisizopapasika kwa mkono wala kuonekana kwenye picha. Mionzi inazifuata hizo.

Kwa limfoma ya Hodgkin iliyogunduliwa mapema, kemo na mionzi hupangwa pamoja tangu siku ya kwanza kama tiba moja yenye vipande viwili. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa wa hatua za mwanzo wasio na dalili za hatari wanaweza kutibiwa kwa mizunguko 2 tu ya kemo iitwayo ABVD, ikifuatiwa na mionzi ya grei 20 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi). Wenye dalili za hatari, kama uvimbe mkubwa kifuani, mara nyingi hupewa mizunguko 4 na grei 30. Sasa fikiria: aliyepewa kemo kidogo kwa sababu mionzi inakuja, kisha akaikimbia mionzi, amepata nusu ya tiba. Nilipomweleza mdogo wangu hivyo, hakuuliza tena habari ya nauli.

Si kila limfoma inahitaji mionzi. Ya Burkitt, ile inayojulikana sana kwa watoto wa ukanda wetu na iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, hutibiwa kwa kemo. Hodgkin iliyosambaa sana, ikiwa picha ya mwisho ni safi, mara nyingi huishia kwenye kemo pia. Kwa aina nyingine, limfoma ya chembe kubwa za B (aina ya chembe nyeupe za damu), mionzi hutumika hasa palipokuwa na uvimbe mkubwa, au ulipoingia kwenye mfupa au korodani. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Kwangu mimi, mionzi hii inakuja kumalizia au inakuja kwa sababu kemo haikutosha?" Majibu hayo mawili yana uzito tofauti, na una haki ya kujua lipi ni lako.

Pili: andika tarehe, uanze kuhesabu

Chukua daftari. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya dozi ya mwisho ya kemo. Si tarehe ya kuruhusiwa kutoka wodini, ni ya dozi yenyewe. Kwa kawaida mionzi huanza kati ya wiki 3 na 6 baada ya hapo. Haianzi mara moja kwa sababu chembe za damu zinahitaji kupanda, na ngozi, koo na mapafu vinahitaji kupumua kutoka kwenye dawa, hasa ile nyekundu, doksorubisini. Haicheleweshwi sana kwa sababu chembe zilizobaki nazo hazilali.

Hesabu yangu ilikuwa hivi, na ningeirudia: wiki ya kwanza na ya pili ni za kulinda mwili. Wiki ya tatu ni ya vipimo na picha. Ikifika mwisho wa wiki ya nne na hujapewa tarehe ya kupangiwa mionzi, usisubiri simu. Nenda mwenyewe, asubuhi, ukiwa na daftari, uulize: "Faili langu liko kwa nani sasa?" Mara nyingi faili halijakataliwa wala halijapotea. Limekaa mezani likisubiri karatasi moja ambayo hakuna aliyekwambia uilete.

Foleni zetu ni ndefu, na si uzembe wa mtu mmoja. Mashine ni chache kwa watu wengi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Kampala, iliharibika moja kwa moja, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Tanzania, kwa miaka mingi, mzigo karibu wote ulikuwa juu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, kabla Bugando kule Mwanza nako hawajaanza kutoa huduma hiyo. Ukijua hilo utaacha kugombana na nesi wa mapokezi, ambaye hana mashine mfukoni, na utaelekeza nguvu kwenye maswali yenye faida. Je, mashine inafanya kazi? Je, kuna hospitali nyingine inayoweza kunipokea nikipewa barua ya rufaa? Je, kuchelewa kwangu kwa wiki mbili zaidi kunabadilisha mpango? Swali la mwisho muulize daktari wa saratani, si mtu wa mapokezi. Kuna wagonjwa ambao wiki mbili haziwadhuru, na kuna ambao daktari atataka kuwasogeza mbele ya foleni.

Tatu: kusanya karatasi, na juu ya zote picha ya kabla ya kemo

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Mtaalamu wa mionzi hachori eneo la kupiga kwa kuangalia uvimbe ulipo leo. Leo haupo. Anachora kwa kuangalia ulikuwa wapi kabla ya kemo kuuyeyusha. Ramani yake ni ile picha ya ndani ya mwili, ya CT au PET-CT, uliyopigwa kwa mashine mwanzoni kabisa, kabla ya dripu ya kwanza. Picha hiyo ikikosekana, inabidi akisie, na kukisia kuna hasara mbili: kupiga eneo kubwa kuliko inavyohitajika, na hapo moyo, mapafu au tezi ya shingo (thairoidi) vinaumia bure, au kupiga dogo na kuacha kona ya ugonjwa.

Sisi tulikuwa na karatasi ya majibu tu. Picha yenyewe, ile CD, ilibaki kwenye hospitali ya kwanza iliyomgundua, mkoani, zaidi ya miezi minne nyuma. Tulipofika kitengo cha mionzi daktari alituuliza kwa upole, "CD iko wapi?" Nikatoa bahasha yote, nikamwaga karatasi mezani. Haikuwemo. Usiku ule ule nilipanda basi. Ile CD niliipata kwenye droo ya chumba cha picha, haina jina juu yake, ina namba tu. Ningechelewa miezi michache zaidi labda ingekuwa imeshafutwa au kutupwa. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Kabla ya mambo mengine yote, tafuta CD ya kwanza, iombe nakala mbili, na uijaribu kwenye kompyuta ya mtu kuhakikisha inafunguka. Ikiwa hospitali yenu inatoa filamu tu, piga filamu hizo picha zinazosomeka kwa simu, lakini filamu zenyewe usizikunje wala kuziweka juani.

Vingine vya kuweka kwenye bahasha: majibu ya kinyama kilichokatwa, yakionyesha aina kamili ya limfoma. Orodha ya dawa za kemo ulizopewa, tarehe na kiasi chake, na hasa jumla ya doksorubisini na bleomaisini, kwa sababu ya kwanza hugusa moyo na ya pili mapafu, na mionzi ya kifua itapita jirani na vyote viwili. Eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kama ulipigwa. Majibu ya VVU na homa ya ini. Vipimo vya damu vya karibuni, pamoja na figo, maana ukipigwa CT ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha watataka kuviona. Kadi ya bima. Barua ya rufaa iliyogongwa mhuri. Isiyo na mhuri imewahi kumrudisha mtu nyumbani.

Nne: picha ya mwisho wa kemo, na maana ya namba utakayopewa

Kabla ya mionzi daktari atataka kujua kemo imefanya nini. Penye PET-CT, kama zilizopo Nairobi, unachomwa sukari yenye mionzi kidogo, kisha mashine inatazama wapi sukari hiyo inaliwa kwa pupa. Picha hii haipigwi mara tu baada ya kemo, kwa sababu mwili bado umechafuka na majibu yanaweza kudanganya. Angalau wiki 3 zipite. Utafunga kula kwa saa kadhaa. Siku hiyo, kwa muda watakaokwambia, kaa mbali na watoto wachanga na wajawazito.

Majibu huja na alama kutoka 1 hadi 5, iitwayo alama ya Deauville, jina la mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009 kuipanga. Kwa kawaida 1, 2 na 3 ni habari njema. 4 na 5 zina maana kuna mahali panawaka kuliko inavyotakiwa, na hapo daktari anaweza kutaka kinyama kingine kikatwe au dawa zibadilishwe kabla ya kufikiria mionzi. Kumbuka kwamba kifua kikuu na maambukizi mengine nayo huwaka kwenye picha hii, na kwetu kifua kikuu hakiko mbali. Usijihukumu kwa namba kabla hujakaa na daktari.

Pasipo PET-CT, CT ya kawaida hutumika. Mara nyingi itasema kuna "mabaki". Neno hilo lilimnyima mdogo wangu usingizi siku tatu. Kumbe uvimbe mkubwa ukifa unaweza kuacha kovu, kama kidonda kinavyoacha alama, na kovu si lazima liwe ugonjwa.

Tano: linda mwili katika wiki hizi

Nunua kipimajoto. Hiki ndicho kifaa kimoja ambacho sitakubali ukose. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi ya mwisho, chembe nyeupe huwa chini kabisa. Joto likifika nyuzi 38 katika kipindi hicho, au mwili ukatetemeka kwa baridi hata kama kipimo kinasema sawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Usimeze panado ukalala uone asubuhi. Usianze na duka la dawa. Wakikupima malaria ni sawa, lakini sema kwa sauti mlangoni: "Nimetoka kwenye kemo, naomba damu yangu ipimwe na nionwe sasa." Anayetoka kwenye kemo akipata homa, dawa za mshipa huanza haraka, hata kabla majibu yote hayajatoka.

Mambo mengine yasiyosubiri tarehe ya kliniki: kikohozi kikavu na kukosa pumzi, hasa kama ulipewa bleomaisini. Miguu kuvimba na kushindwa kulala chali. Uso na shingo kuvimba asubuhi na mishipa ya kifuani kututumka, ishara kwamba kitu kinabana mshipa mkubwa kifuani. Uvimbe mpya popote, jasho la usiku la kulowesha shuka, au uzito kushuka tena. Ukiona hayo ukiwa kwenye foleni, foleni yako imebadilika, mtu aambiwe.

Meno. Kama mionzi itapita shingoni juu au mdomoni, onwa na daktari wa meno sasa. Jino bovu ling'olewe mapema, angalau wiki mbili kabla ya kuanza, ili fizi ipone. Kung'oa jino baada ya mfupa wa taya kupigwa mionzi ni shida nyingine kabisa.

Anayetumia ARV asikose hata siku moja. Anayevuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha, na si kwa maneno ya kawaida ya hospitali tu: mapafu yaliyopata bleomaisini na yanayongoja mionzi hayana nafasi ya moshi. Chandarua kila usiku. Chakula cha kawaida kilichoiva vizuri kinatosha: maharage, dagaa, mayai, uji wa karanga, mboga. Dawa za mizizi na unga wa majani ulioletwa na shangazi kwa mapenzi, mwonyeshe daktari kabla ya kunywa. Zipo zinazougusa ini, na ini lako limefanya kazi nyingi. Usipake chochote cha kuwasha wala dawa ya kuchua kwenye ngozi itakayopigwa mionzi. Ramadhani ikiingia katikati, zungumza na daktari. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye.

Sita: uzazi, jambo ambalo watu huona haya kuliuliza

Kama wewe ni mwanamke, hakikisha huna ujauzito kabla ya kupangiwa mionzi, na tumia kinga kipindi chote. Kama mionzi itaelekea nyonga, uliza waziwazi, wewe na mwenzi wako, kuhusu mayai au mbegu. Kijana wa kiume anaweza asimwambie dada yake, basi mpeni nafasi aongee na daktari peke yake. Mimi nilitoka nje ya chumba, na naamini nilifanya vizuri.

Saba: panga fedha na mahali pa kulala kabla ya tarehe kutoka

Hesabu ni rahisi. Kwa kawaida kila siku hupigwa grei 2, Jumatatu hadi Ijumaa. Grei 20 ni siku 10, wiki mbili. Grei 30 ni siku 15, wiki tatu. Kila mara uko kwenye mashine dakika chache tu, ila kusubiri zamu kunakula nusu siku. Kukatiza siku katikati kwa kukosa nauli kunaharibu mpango, kwa hiyo fedha ya siku zote iwepo kabla ya siku ya kwanza.

Mdogo wangu alilala kwa mjomba, Mbagala, na kila alfajiri akagombania daladala akiwa na shingo inayowaka. Wiki ya pili tukamtafutia chumba karibu, tukabana vingine. Ningejua, tungeanza hivyo. Bima nayo mara nyingi hutaka kibali cha mionzi kabla haijaanza, na kibali kinachukua siku. Anza kukifuatilia mara tu daktari anapoandika mpango, na angalia kadi isije ikaisha muda katikati ya tiba. Usiye na bima wala uwezo, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Usione haya. Ofisi hiyo iko pale kwa ajili yako.

Nane: siku ya kupangiwa mionzi

Siku hii hupigwi mionzi ya tiba. Unalazwa kwenye kitanda kigumu, unapigwa CT ya kuchorea, unawekewa alama, nyingine ni vidoti vidogo vya wino chini ya ngozi visivyofutika. Alama za kalamu usizisugue bafuni. Kama ni shingo, unatengenezewa barakoa ya plastiki: inalowekwa kwenye maji ya moto, inatandazwa usoni ikiwa vuguvugu, inakauka kwa umbo lako. Inabana, lakini unapumua. Anayeogopa sehemu finyu aseme mapema, wapo watakaomsaidia.

Kuna jambo dogo la nywele ambalo dada zangu watalishukuru: usiende siku hiyo na rasta nene kisha ukazifumua wiki inayofuata. Barakoa imepimwa na kichwa kile chenye nywele zile. Kata au suka nyepesi kabla, ubaki hivyo mpaka mwisho. Hereni na mikufu viache nyumbani, vaa shati la vifungo au kanga. Kama mionzi ni ya kifua, uliza kama watatumia njia ya kubana pumzi, inayousogeza moyo mbali kidogo na mionzi. Wakisema ndiyo, fanya mazoezi nyumbani: vuta pumzi ndefu, shikilia sekunde 20, achia taratibu.

Baada ya hapo utarudi kusubiri tena siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili, wanafizikia wakipiga hesabu. Kusubiri huku kuna kazi ndani yake.

Tisa: nyumbani, maneno ya watu

Utasikia kwamba mionzi inaunguza mtu mpaka ndani, kwamba aliyepigwa mionzi hapaswi kubeba mtoto. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini. Ukishuka kitandani, imekwisha. Beba mwanao, lala na mwenzi wako, kula sahani moja na nduguzo. Na kama hofu inakuja usiku, kama ilivyokuwa ikimjia mdogo wangu, usimwambie mgonjwa "jipe moyo" ukageuka ukalala. Kaa naye. Sisi tulikuwa tunafungua daftari, tunahesabu siku zilizobaki, tunaandika maswali ya kliniki ijayo. Maswali yalipokuwa yameandikwa, alilala.

Alianza mionzi wiki ya saba, akamaliza siku zake 15 bila kukosa hata moja. Siku ya mwisho ombeni muhtasari wa mionzi: eneo lililopigwa, jumla ya grei, tarehe. Picha ya kuangalia matokeo husubiri takriban miezi 3, msiikimbilie. Aliyepigwa shingoni apimwe tezi ya shingo kila mwaka, na mwanamke aliyepigwa kifuani akiwa kijana amwambie daktari wa matiti mapema, miaka mingi kabla ya wenzake. Mwenye Hodgkin akihitaji kuongezewa damu siku yoyote mbele, aseme alikuwa na ugonjwa huo, kwa sababu huenda akahitaji damu iliyoandaliwa kipekee. Muhtasari wa mdogo wangu uko kwenye bahasha ile ile, nyuma ya CD niliyoifuata kwa basi, na nakala ya pili iko kwangu.